Mwanalima na Chokaa ya Msikiti wa Chovai

Mwanalima binti Aboud alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake. Akikasirika, nusu ya kisiwa cha Chovai, pwani ya kusini mwa Somalia, ilijua kabla hajatoka mlangoni. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, kazi alimfundisha yeye. Vita vya mwaka 1991 viliwakimbiza hadi Mombasa, ambako Mwanalima aliuza mahamri zaidi ya miaka ishirini. Aliporudi, alikuta watu wanajenga kwa saruji tu, na hakuna aliyemuuliza habari za chokaa.

Mwaka juzi, mtu mmoja alikuwa akichoma magugu shambani, upepo ukamzidi. Cheche ziliruka hadi kwenye makuti ya msikiti wa kale. Boriti ziliungua, paa likaanguka. Kuta za mawe ya matumbawe zilibaki, na kibla, kile kidaka cha imamu, yenye maua ya nakshi, lakini lipu ilijaa nyufa.

Mukhtari, fundi kijana kutoka Kismayo, ndiye aliyeletwa kutengeneza. Mwanalima alimkuta akikoroga saruji.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Naziba nyufa, mama."

"Mawe haya yametoka baharini. Hunywa unyevu na kuutoa. Ukiyafunika na saruji, maji yatabaki ndani."

Mukhtari alitabasamu kwa adabu, akaendelea. Mvua zilipopita, kiraka chake kilidondoka na nusu ya ua moja la kibla. Alikwenda mwenyewe kwa Mwanalima, vipande amevifunga kwenye kikoi.

"Mama, nimeharibu."

Alitarajia matusi. Mwanalima alimmiminia chai.

"Chokaa nitaichoma mimi," akasema. "Ila nitataka moto."

Neno hilo lilimfikia Maalim Bakri, imamu, aliyeungua mkono akiokoa misahafu siku msikiti ulipoungua. "Moto tena, Mwanalima?" alisema. "Mkono wangu wenyewe haujapona."

Mwanalima aliutazama mkono ule. Kisha akasema kwa upole, "Basi mahali uchague wewe, Maalim."

Maalim alichagua mchanga mtupu upande wa pili wa kisiwa, na wakangoja siku ambayo upepo ulivuma kuelekea baharini. Mwanalima na Mukhtari walipanga magogo duara, juu yake mawe ya matumbawe makavu yaliyotupwa na bahari ufukweni. Moto ulipowashwa, Maalim aliketi kando na ndoo mbili za maji kuanzia asubuhi, hakuondoka ila kwa sala. Jioni mawe yalikuwa yamegeuka chokaa, meupe na mepesi. Maalim alilishika moja lililopoa, akalipima mkononi, akacheka.

"Mchu huyu hashindiki," alisema kwa Kibajuni, yaani mtu huyu, akimtazama Mwanalima.

Walizima chokaa kwa maji, ikachemka na kufoka, wakaifukia shimoni miezi minne ili ilainike. Mukhtari alikwenda kuichungulia kila wiki, na kila wiki Mwanalima alimfukuza.

Siku ya kupaka, Mwanalima alisimama mbele ya kibla. Umri wake wote alikuwa amesali chumba cha wanawake, hajawahi kuiona kwa karibu hivyo. Aliigusa kwanza kwa kiganja. Kisha akalijaza lile ua kwa kidole, jani baada ya jani. Lilitoka limepinda.

"Nilinyooshe, mama?" Mukhtari aliuliza.

"Liache. Aliyechora yale mengine alikuwa fundi. Mimi ni mchoma chokaa."

Ijumaa ya kwanza chini ya paa jipya hakwenda. Chokaa ilikuwa imempasua mikono, na jirani yake Rawda alikuwa akimpaka mafuta ya simsim barazani. Sauti ya Maalim iliwafikia akihutubu, mara ikakatika. Akakohoa, akakohoa tena.

"Vumbi la chokaa yangu hilo," Mwanalima alisema, akaangua kicheko hadi Rawda akamwomba atulize mikono.