Wageni wa Uani Kwangu

Msomaji, ukicheka nitakuelewa. Kule Nyahururu nilikokulia, ndege walikuwa ndege tu, lakini nilipohamishiwa Ngao, kijiji cha wakulima huko pwani, kufundisha, walinipagawisha. Kila asubuhi ndege wadogo wenye midomo myekundu walitua uani kwangu, nami nikawamwagia mchele kwenye sinia. Mwanzoni walikuwa wachache. Baada ya muda mwarobaini mzima ukawa unatikisika. Nikajisifu kwamba wamenipenda.

Siku moja jirani yangu, Mama Maro, akaja sauti imemkauka kwa kupiga kelele shambani.

"Mwalimu, njoo utusaidie kuwinga. Ndege wanatumalizia mpunga, na mwaka huu sijui wamefuata nini."

Nikaenda mbio. Shambani nilipiga debe kuwashinda wenyeji, nikawatukana wale ndege mpaka wazee wakasema, "Huyu sasa ni wetu." Midomo yao sikuitazama. Wingu la ndege halina midomo.

Mwishowe wakaruka wote. "Leo tuwafuate," akasema Mama Maro, "tujue wanakokimbilia."

Tukawafuata, mimi mbele na debe langu. Wakapita kanisani, wakapinda kwenye njia ninayoijua vizuri, na debe likaanza kuwa zito. Wakatua kwangu, wakajaa kwenye sinia.

Watu wote wakasimama langoni. Mama Maro hakuwatazama ndege. Alilitazama sinia, lile aliloniletea likiwa na wali siku niliyohamia, ambalo sikuwahi kumrudishia.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "wageni wako wakishiba, nirudishie sinia langu."