Niliyoyasema Nikiwa Bubu

Nilipigwa umeme kichwani, hapa hapa Kalemie, miaka ile tulipokuwa tunaitwa Wazaire, na sioni sababu ya kunong'ona. Mtaa wetu ulinong'ona vya kutosha kwa niaba yangu.

Ugonjwa wenyewe nimesimuliwa tu. Nilijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza, na tangu siku hiyo nikawa bubu. Sikusema, sikulia, sikuuliza mtoto yuko wapi. Ukinikalisha, nakaa. Ukiniinua mkono, unabaki juu mpaka mtu aushushe. Mama mkwe alikuja kwa boti kutoka Moba kutuhudumia, na kazi aliyoifanya kwa moyo zaidi ilikuwa kuitangaza habari yangu sokoni, kanisani na kwa wanawake wa bombani. Hata kwa daktari aliapa. Nesi aliyekuwapo alinisimulia baadaye huku akimwigiza na kucheka: "Munganga, huyu muntu tangu azale hajafungua kinywa, hata kwa kuomba maji! Mutoto wangu ameoa jiwe!"

Chombo chao cha kupigia umeme pale hospitali nilikiona nilipokwisha pona. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe, na nyaya mbili zilizoishia kwenye vitambaa vya kulowekwa maji ya chumvi. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha, kama kila kitu kilivyokwisha enzi zile isipokuwa hotuba. Kwa hiyo wanaume walinishika mabega na miguu, wakanitia mpira kati ya meno, wakabonyeza. Siku ambazo umeme ulikatika tulisubiri. Mji mzima ulilalamika kwamba hakuna hata wa kuwasha taa, kumbe wangu ulikuwapo.

Ulifanya kazi. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaotaka niseme vingine, hasa wale ambao dawa yao ilikuwa kunifukizia majani na kunipigia kelele masikioni. Baada ya kupigwa mara kadhaa, asubuhi moja nesi aliniletea uji, nikamwambia umepoa. Neno langu la kwanza lilikuwa lawama, na tangu hapo sijaacha.

Ila kisanduku kile hakikunipa bure. Kilichukua kumbukumbu. Kitu cha mwisho nilichokuwa nacho kichwani ni mimi nimekaa uani nachambua ndakala, dagaa wa ziwa letu, tumbo likiwa bado dogo. Uchungu, kuzaa, sura ya mtoto, yote yalikuwa yamefutika. Daktari alinituliza kwamba yatarudi polepole, kama maji ya bomba. Alikuwa mgeni mjini, masikini, hajayajua maji yetu ya bomba.

Nilirudi nyumbani nikakuta nimekuwa kioja. Wanawake walinipa salamu wakiwa wameficha mikono. Mzee mmoja aliniletea betri za redio yake, zile zilizochoka kuanikwa juani, akaniomba nizishike kidogo. Sikutukana. Nilizishika, nikamrudishia, akaenda zake akiamini redio ilikuwa inasikika vizuri zaidi.

Halafu wakaja wenye ahadi. Kufa kufaana, na mimi nilikuwa nimekufa nusu. Jirani alifuata sufuria kubwa ambayo, ati, nilimwahidi kabla ya kwenda hospitali. Mwingine alifuata kitenge. Nilikuwa mkarimu ajabu katika ugonjwa wangu! Nikatoa sufuria, nikatoa kitenge, maana mtu asiyekumbuka atabishana na nani? Nilikuwa nimesikia kwamba nilikuwa bubu, tena nikasikia kwamba niliahidi, kila habari kwa kinywa chake, na kichwa changu kilichojaa ukungu hakikuziweka habari hizo pamoja.

Na mtoto hakuwapo. Mume wangu alikuwa karani bandarini, mtu mwema aliyemwogopa binadamu mmoja tu duniani, naye ndiye aliyemzaa. Alinieleza huku akitazama viatu vyake: "Mama alimubeba, yuko Moba. Lakini wewe mwenyewe ulikubali."

Katika ukoo wao kulikuwa na desturi ambayo hata wao hawakuthubutu kuiruka. Bibi haondoki na mtoto anayenyonya kwenda kumlea mpaka mama mtoto aseme mwenyewe, kwa kinywa chake. Kutikisa kichwa hakutoshi, wala kunyamaza si kukubali. Sasa, kumchukua mtoto wakati mama yake ni jiwe, huo ni wema, na sijawahi kuukataa. Angemlea akasema "alikuwa mgonjwa, nikamsaidia," ningempigia magoti. Lakini alitaka abaki naye moja kwa moja, na kwa hilo alihitaji maneno yangu. Kwa kuwa hayakuwapo, alinitungia.

Nilidai kikao. Baba mdogo wa mume wangu, mstaafu wa reli, alikaa kwenye kiti cha mbele. Mama mkwe alikuja na boti, na maharagwe, na samaki wakavu, bila mtoto. Akasimama akaeleza:

"Ilikuwa siku ya mungu, asubui. Alikuwa anakaa hapa kwa mulango. Akaniangalia, akasema: 'Mama, beba mutoto. Mimi siwezi. Mulee, awe wako, asirudi tena kwangu.' Njo vile alisema. Nilisikia na masikio yangu."

Wifi yangu akaitikia kwamba naye alisikia. Kwa namna walivyonikariri, nilikuwa nimetoa hotuba ya kupigiwa makofi.

Mzee akanigeukia. "Mama wa mutoto, unakumbuka?"

"Hapana, Papa."

"Munaona!" mama mkwe akaruka. "Atakatala namna gani kitu hakumbuki? Na huyu mutoto, sura yake unaikumbuka?"

Hapo alinipata. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi uchungu wenyewe sikuukumbuka. Nilikuwa napigania mtoto ambaye ningepishana naye sokoni nisigeuke. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira, na hasira ndiyo iliyoniondoa ukungu kichwani kuliko maneno yote ya daktari.

"Hapana, Mama, siikumbuki," nikasema. "Lakini nakuuliza. Haya maneno yangu, niliyasema mbele ya kupigwa umeme ao nyuma?"

"Mbele! Ulikuwa haujaenda hospitali."

"Papa," nikamwambia mzee, "ulikuwa unapita hapa kila siku ya mungu, ukitoka misa. Mbele ya umeme, ulinisikia nasema nini?"

Mzee akajikuna kidevu. Akamtazama shemeji yake, akanitazama mimi. "Hata salamu haukuitika," akasema.

Wifi alianza kukunja ncha ya kitenge chake kana kwamba kulikuwa na kitu ndani. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mama mkwe ilikuwa imeishia mlangoni pale pale.

"Mama," nikasema, "umeme walinipiga mimi. Lakini mwenye kusahabu njo wewe."

Mume wangu, Mungu ambariki, alicheka. Alijifanya anakohoa, lakini alicheka, na kwa kicheko hicho nimemsamehe mengi. Kesho yake nilikwenda kwa jirani nikachukua sufuria yangu jikoni, ikiwa na sombe yake ya majani ya muhogo ndani, wala sikubisha hodi.

Mzee aliamua mtoto arudi, tukasafiri kwa boti kwenda Moba kumchukua. Ningependa kusema kwamba alipotoka mlangoni moyo wangu ulishtuka. Wapo wanaopenda hadithi za namna hiyo, za damu inayoitambua damu. Wakazitafute kwingine. Alikuwa mtoto mnene, mwenye masikio makubwa, kwenye mkono wa bibi yake. Nilimkagua nikitafuta kitu ninachokijua, nisione. Naye alinikagua vivyo hivyo, kisha akaficha uso shingoni mwa bibi. Mama mkwe alinisubiri nilie. Niliona machoni mwake kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu kulia, na sikumwonea huruma siku ile.

Nilimfunga mgongoni akipiga mateke, nikapanda boti. Alilia njia nzima, abiria wakinitazama kama mwizi. Sikujua ni wimbo gani waliozoea kumbembeleza nao. Kwa hiyo nilimwambia tu mimi ni nani, tena na tena, kwa sauti kubwa, mpaka tukafika Kalemie.