Jeep ya mama mukwe ilitetemeka ikifika hamsini, na mimi fundi wake nikaishiwa akili (Bunia, wakati wa vita)

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mtu wa kusoma na kupita, huwa siandiki. Ila jana nimeona mwenzetu analalamika jeep yake usukani unacheza akikimbia, na kila mtu anamwambia afungue steering box. Nikasema hapana, leo acha nami niseme.

Sitaongeza chumvi. Mama mukwe wangu yupo hai, na akisikia nimedanganya atanisema. Yaani atanisema kwa mke wangu, maana mimi mwenyewe hanisemeshi. Mtaelewa mbele.

Mimi ni wa Bunia, Ituri, huko Congo. Kiswahili chetu mnakijua, msinicheke. Wakati wa vita nilikuwa na kagaraji kadogo mtaa wa Lumumba, mabati juu, oili chini, maisha yanaenda.

Mama mukwe wangu anaitwa Mama Masika. Masika ndiye mke wangu. Mama alitoka Butembo na biashara yake, akawa analeta maharage Bunia kutoka soko la Bule kwa jeep ya zamani, zile ngumu za chuma kitupu.

Na aliendesha mwenyewe, hakuna mwingine aliyegusa usukani ule. Kitenge kimefungwa, kitambaa kichwani, mguu kwenye klachi. Ukimkatia njia, anakutukana kwa Kiswahili, akiona hujaumia vizuri anamalizia kwa Kinande. Nilianza kwa kumwogopa, nikaishia kumpenda sana.

Sasa, kwa desturi ya kwao, mukwe na mama mukwe hawaangaliani machoni. Hata kusemeshana ni kwa kupitia mtu. Niko mezani hapo hapo, sufuria iko mbele yangu, namsikia:

"Masika, muambie bwana yako bugali iko tayari."

Na mimi natazama bugali, najibu: "Masika, muambie mama aksanti sana."

Masika alikuwa anachoka. "Mie niko telefone yenu? Wote muko na masikio!"

Basi. Vita ikaja, ikakaa.

Kila kundi la watu wa bunduki likiingia mjini, cha kwanza kuulizwa ni magari. Watu wakawa wajanja. Kuna waliovua magurudumu na kuyafukia kwenye mihogo. Jirani yetu alikuwa analala na betri chini ya kitanda, mke wake analalamika harufu.

Mama Masika yeye hakuficha chochote. Jeep ilikaa uani, magurudumu yote juu yake, inang'aa. Tukasema huyu mama amechoka na mali.

Siku moja wakaja. Mama akawapa funguo kwa mkono wake mwenyewe na kuwatakia safari njema! Masika alilia.

Kabla ya jioni tukasikia jeep imeachwa barabara ya uwanja wa ndege, milango wazi, funguo ndani, hakuna mtu. Mama akaenda kwa miguu, akairudisha polepole. Akashuka, akasema, "Mungu iko." Wote tukasema amina.

Kwa vile alikuwa amechoka, akaniachia niijaribu, kwa mara ya kwanza.

Wakuu, ilipofika hamsini usukani ulianza kutetemeka mpaka viwiko vyangu. Nikapunguza, ukatulia. Nikaongeza, ukarudi tena, na hasira zaidi. Nikajua tu wale watu wameipiga kwenye shimo, wamepinda kitu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nikainua mbele kwa jeki. Nikashika gurudumu juu na chini, nikatikisa, hakuna uchezo. Nikashika kushoto na kulia, kuna kauchezo kadogo. Ah! Rotule, zile nyinyi mnaita tairodi endi. Nikazitafuta kwenye gari bovu, nikabadilisha. Nikatoka barabarani nikifurahi.

Hamsini: malaria ile ile.

Nikafungua beringi, nikaosha, nikaweka grisi, nikakaza. Bado. Nikaenda kwenye shokomzoba ya usukani. Bado. Nikalala chini ya gari lile mpaka kuku wa mama wakanizoea.

Na kila nikilala chini, sauti inatoka jikoni: "Masika, muambie bwana yako jeep iko muzima, aiache."

Mimi nikadhani ananihurumia. Kumbe!

Mtaani wakapata mchezo. Nikipita wananiuliza, "Fundi, mutuka ya mama mukwe bado inacheza dansi?" Fundi gani anayeshindwa na gari la mama mukwe wake? Iliniuma, nisifiche.

Halafu mambo yakageuka, kicheko kikaisha.

Mji ulichafuka. Milio ilikuwa inasogea kila asubuhi, majirani wanafunga godoro kichwani na kuondoka. Na Masika wangu alikuwa na mimba ya mwisho mwisho, miguu imevimba, hata kufika kisimani ni shida. Huyo utamwambia atembee mpaka wapi?

Mjomba wake alikuwa Mahagi-Port, kule ziwani, ambako unaweza kupata boti ya kuvuka. Njia pekee ya kumfikisha ni jeep. Na jeep haiwezi kukimbia. Tukipigiwa risasi njiani, nitafanya nini, nitawaomba wasubiri?

Nikaapa kwamba haitoki mjini mpaka ipone.

Sasa wakuu, sikilizeni hapa, hasa wewe wa jana. Nilikuwa nimefungua kila kitu cha usukani na sijawahi kufikiria magurudumu yenyewe, kwa sababu kwa macho yalikuwa mazima. Asubuhi moja nikasema acha nibadilishe tu, ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele.

Nikatoka. Hamsini. Usukani kimya! Lakini kiti sasa, kinatetemeka chini ya makalio yangu.

Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Ugonjwa umehamia nyuma, kwa hiyo ulikuwa kwenye gurudumu, haukuwahi kuwa kwenye usukani.

Nikarudi uani, nikatoa upepo, nikaanza kufungua mipira ile. Wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, ule uliokuwa mbele kushoto, nikaingiza mkono kati ya mpira na tyubu, nikagusa kitu kinene.

Nikakivuta. Kipande cha tairi la lori, kizito, kimekatwa vizuri.

Kimeshonewa ndani ya kitenge.

Kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Kipande kilichobaki cha kitenge hicho, Masika alikuwa amekifunga kichwani siku hiyo hiyo. Na hakuna fundi wa mipira Bunia nzima ambaye angekumbuka kukishonea kitambaa ili kisiikwaruze tyubu. Huo ulikuwa mkono wa mama.

Nikainua kichwa. Mama Masika alikuwa mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, ananitazama. Machoni kabisa. Tangu nimuoe binti yake, haikuwahi kutokea.

Kisha akainamisha uso, akarudi kwenye bugali yake.

Basi nikaelewa. Wale waliochukua jeep hawakuiacha kwa sababu ya Mungu peke yake. Mungu alisaidiwa na sindano ya mama. Mtu wa bunduki anataka gari la kukimbia, ukimpa linalomtetemesha analitupa. Na mimi mwerevu, kila siku nilikuwa namharibia dawa yake, na desturi haimruhusu kuniambia mukwe wewe koma, wala siri kama hiyo haipitishwi kwa mtu wa tatu.

Nikakaa chini kando ya jeki na kile kipande mapajani.

Nikikitoa, tunaweza kukimbia. Lakini kizuizi cha kwanza tu wataichukua, na Masika atabaki barabarani na tumbo lake. Nikikirudisha, haitachukuliwa, lakini ikija risasi hatuna mbio. Nilimtazama mke wangu anaanika nguo, mkono mmoja kiunoni, nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Nikakirudisha. Nikakilaza vizuri ndani ya mpira, nikajaza upepo, nikafunga gurudumu mbele kushoto, pale pale mama alipoliweka. Jikoni mwiko ukaendelea na bugali.

Tukaondoka alfajiri. Mimi kwenye usukani, mama pembeni, Masika nyuma amelalia magunia ya maharage. Sikuvuka arobaini. Watu wenye pikipiki wanatupita wanatushangaa. Masika ananiuliza, "Baba, hauwezi ongeza kidogo?" Mama anajibu akitazama dirishani, "Polepole ndio mwendo."

Mbele sana, kizuizi. Watu wa bunduki.

"Mushuke!"

Tukashuka. Masika akakaa chini kwenye majani. Mkubwa wao akaingia na mwenzake, wakaondoka na jeep, wakapotea kwenye kona.

Wakuu, nimeomba maombi mengi maishani, lakini siku ile niliomba kitu cha ajabu. Niliomba yule mtu akimbize gari. Maana akienda taratibu hatajua kitu, ataliona zima, tumekwisha. Nilikuwa nanong'ona, "Kanyaga, baba. Kanyaga tu." Masika ameniminya vidole mpaka vinauma.

Tukasikia injini inapanda. Inapanda. Halafu ikakata ghafla.

Kimya.

Halafu jeep ikatokea kwenye kona, inarudi kama inaenda mazishi. Yule mkubwa akaruka chini, jasho usoni.

"Hii mutuka inataka kuua batu! Iko na malaria! Mutoe hapa!"

Na Mama Masika, ameinama kwa heshima, sauti ya maziwa: "Aksanti, mwanangu. Ni fundi yetu ndiye hajue kazi."

Wakuu! Nilitafuna ulimi nisicheke. Nikalia njia nzima baada ya hapo, na sijui kama ilikuwa kicheko au nini.

Tulilala njiani kwa watu wema, tukafika Mahagi-Port. Masika akajifungulia kwa mjomba, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya bibi yake. Siku ile nilimpenda kila mtu duniani.

Nilikuwa nimekaa nje kwenye kizingiti. Mama akatoka amembeba mjukuu, Masika yuko mlangoni nyuma yake. Akasimama karibu yangu, akalitazama ziwa, akasema:

"Masika, muambie bwana yako, sasa anaweza kuitengeneza."

Nikaenda nikakitoa. Kile kitenge tulikifua, mtoto akavishwa kichwani.

Somo la gari, ndugu yangu wa jana: usukani ukitetemeka kwenye mwendo fulani tu, na chini yake umetulia, usikimbilie rotule wala steering box. Hamisha magurudumu ya mbele nyuma uone ugonjwa unaenda wapi. Kisha fungua mpira, uingize mkono ndani.

Somo lingine: mama mukwe akikuambia gari liko zima, liache.

Haya, uwanja wenu, semeni yaliyowakuta. Na kama kuna mwenye salamu za mama, msinipe mimi, pitisheni kwa Masika.