Barua ya Likizo

Baba alipopunguzwa kiwandani, mama alituambia yuko likizo. Masika ikaja, ikaisha, yeye bado yuko likizo. Kila asubuhi alivaa ovaroli yake ya bluu, akanywa chai ya rangi, akakaa barazani kama anayesubiri saa ya zamu. Nilikuwa kidato cha pili, hesabu najua, lakini sikuuliza likizo gani hiyo isiyo na mwisho. Shuleni nikiulizwa nilisema hivyohivyo. Na mimi hata kuitika jina darasani nilikuwa natetemeka, ila neno hilo lilinitoka bila kigugumizi.

Kisha msako wa wasio na kazi ukaanza mjini. Asiye na kitambulisho cha kazi alipakiwa kwenye lori kupelekwa kulima mbali. Jirani wa nyuma yetu aliondoka na ndala mguu mmoja.

Alasiri moja akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Nikamwamkia, sauti ikakwama.

"Marahaba. Baba yuko kazini siku hizi?"

"Yuko likizo."

"Bado tu? Likizo hiyo au pensheni?" Hakucheka. "Likizo ina barua, mwanangu. Kesho asubuhi napita na mgambo, mtuonyeshe."

Baba alisikia yote akiwa chumbani. Nilipoingia nilimkuta amefungua sanduku, anatoa karatasi moja moja.

"Niliiweka humu humu. Mama watoto, hukuiona?"

Mama akapiga magoti, wakatafuta wote. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa lori lenyewe, maana baba hakuwa anaigiza. Alikuwa anatafuta kweli, jasho linamtoka. Nikajikuta na mimi nainua godoro.

Mama ndiye aliyeacha kwanza.

"Nimekumbuka. Uliisahau Kinole kwa mama yangu, siku ile ya msiba. Kaifuate."

Baba akafunga sanduku. Miezi yote hiyo mama alikuwa akimsihi apande Kinole mlimani akalime, kule mkulima haulizwi kitambulisho. Alikataa. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama, na yeye, mtu wa Gairo, hawezi kwenda kulimia wakwe.

"Nafuata barua tu," alisema.

"Barua tu," mama akajibu, akiangalia pembeni.

Alfajiri aliondoka na ovaroli yake, jembe begani.

Kulipokucha vizuri balozi akafika na mgambo wawili.

"Amefuata barua Kinole," nikasema.

Akachungulia nyuma ya mlango, mahali jembe linapokaa siku zote.

"Kafuata barua na jembe?"

Nikaangalia pale patupu. Balozi akawageukia wenzake. "Huyu ni mkulima wa Kinole. Twendeni nyumba ya pili." Walipotangulia, akaniinamia. "Mwambie baba yako, hiyo barua asishuke nayo, akae nayo hukohuko."

Mchana mama alirudi kutoka sokoni, akaniuliza balozi kasemaje.

"Anaisubiri barua," nikasema. Haikukwama hata herufi moja.

"Ataileta," mama akasema, akaanza kuchambua mchicha.