Lugha ya Mwenye Kamba

Vitabu vya mwisho wa dunia sikuvipenda hata kidogo. Niliviona ni upuuzi wa watu walioshiba. Ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, na alasiri moja ya kila juma ninabaki na wanafunzi wanaopenda kusoma. Tunasoma riwaya kwenye simu, simu moja kwa watu watatu, na mwenye macho makali ndiye anayewasomea wenzake. Mwaka huo walinikalia kooni. Walitaka hadithi za dunia iliyokwisha, na si kitu kingine.

Basi tukasoma. Shujaa anaamka, mji mtupu, umeme umekatika, bomba halitoi maji. Anajifunza kuchemsha maji ya mto. Anajifunza kuoga kwa ndoo, na mwandishi anamhurumia kurasa nne nzima. Darasa likavunjika mbavu. Kijana mmoja mrefu, mcheshi kuliko wote, akasimama akauliza, "Madame, donc sisi dunia yetu ilikwisha lini? Mbona hawakutuambia?" Nilicheka mpaka nikaegemea ubao.

Lakini tulipoendelea, kicheko kiliniisha. Kila kitabu, cha huku na cha kule, kilikuwa kinasema jambo lile lile: kila kitu kikianguka, serikali, kazi, nyumba, jina la ukoo, ndipo mtu anajikuta alivyo kweli. Karani anagundua kwamba yeye ni jasiri. Mwoga anagundua kwamba anaweza kupenda. Wanapigana, wananyang'anyana chakula, na katikati ya ugomvi ule kila mmoja anajua yeye ni nani. Wanafunzi wangu walilipenda sana jambo hilo. Mimi lilinikasirisha. Niliilaza simu ya watu mezani kwa kishindo, nikawaambia somo limekwisha, nikaenda nyumbani kwa miguu huku nikijisemea njia nzima.

Sababu ya hasira yangu ni baba yangu.

Papa alitoka Maniema akiwa kijana, Mwislamu, Kiswahili ndiyo lugha aliyonyonya. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa upande wa Banalia, Mkatoliki, na Lingala yake ilikuwa ya soko, tamu na ya haraka. Sisi watoto tulikula lugha zote mbili katika sahani moja bila kuuliza. Kisha vita vikaja. Mwanzoni mji ulikuwa na askari wanaosema Lingala, na msemaji wa Kiswahili alikuwa adui aliyetoka mashariki. Baadaye wakaja wengine wanaosema Kiswahili, na sasa msemaji wa Lingala ndiye aliyeonekana msaliti. Vizuizi vilikuwa kamba tu iliyofungwa kukatisha barabara, na mtu mwenye bunduki ameketi kivulini.

Papa alifungua kamba ya kuanikia nguo, akaifunga mlangoni mwa sebule, akasimama nyuma yake. Tukapanga foleni, sisi watoto, mama wa mwisho. Anauliza kwa Lingala, "Ozali moto ya wapi?" Unajibu kwa Lingala. Anageuka ghafla, "Uko mutu ya wapi?" Unajibu kwa Kiswahili, bila kumeza mate, bila kuangalia chini. Ukikosea unarudi nyuma ya foleni. "Jibu kwa lugha ya mwenye kamba," alikuwa anatuambia, "na usifikiri. Kufikiri kunaonekana usoni." Tulicheza mchezo ule mpaka tukawa hodari, na tukapita vizuizi vyote vya mji huu, na hakuna aliyekufa nyumbani kwetu. Ninasema hivyo ili ieleweke kwamba simlaumu.

Ila vitabu vile vilinidanganya, ndiyo maana nilikasirika. Dunia yangu ilianguka, na nilipochambuliwa ganda moja baada ya jingine sikujikuta popote. Nilikuta sikio zuri tu. Mpaka leo, muuza samaki akinisalimu kwa Lingala mimi ni mama wa Lingala, na muuza duka kutoka Kivu akinipa bei kwa Kiswahili mimi ni dada yake wa Kiswahili. Mume wangu, anayefanya kazi Isiro na kurudi barabara inapomruhusu, ananitania kwamba hata nikimkasirikia ninangoja kwanza nisikie anagomba kwa lugha gani. Mimi ninacheka naye, lakini inaniuma.

Wanafunzi waliamua kuandika mchezo wao wenyewe wa kuigiza. Nikasema haya, tuone. Katika mchezo huo Kisangani imekwisha. Miti imeota ndani ya benki, daraja la mto Tshopo limeanguka, bandarini hakuna meli. Mwanamke anatoka msituni baada ya miaka mingi, anataka kuingia Makiso kutafuta watu wake. Njiani kuna kamba. Mlinzi anamwuliza yeye ni mtu wa wapi. Akijibu vibaya anarudishwa msituni, na huko hakuna uhai.

Yule kijana mrefu akawa mlinzi. Mwanamke akaigizwa na binti yangu mimi, mtoto wangu wa pekee, aliyekuwa darasa la mwisho. Siku ya kwanza ya mazoezi nilitazama kijana yule akifunga kamba, akaketi kwa kuegemea nyuma, akanyoosha kidole kimoja tu kuita watu. Alizaliwa vita vimekwisha. Hakuna aliyemfundisha kuketi vile.

Akauliza kwa Lingala, binti yangu akajibu kwa Lingala. Kwa utani tu kijana akageuza, akauliza kwa Kiswahili, na binti yangu akageuka katikati ya sentensi, sauti ile ile, uso ule ule. Nikawabadilisha. Nikamweka msichana mwingine, naye akafanya vile vile. Nikawapitisha wote. Wote walifuata lugha ya mlinzi, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba amefanya kitu.

"Simameni!" nikapiga makofi. "Huyu mama ni nani basi? Ametembea msituni miaka yote hiyo, na akifika hapa hana hata sauti yake?"

Walinitazama wakidhani Madame amechoka. Binti yangu ndiye aliyejibu. "Mama, ye ni mutu anataka kupita tu."

Nikawaambia warudie tangu mwanzo.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na jambo jingine, na hilo halikuwa mchezo. Binti yangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea ujenzi wa majumba Kinshasa. Tulifurahi, tukapika kuku. Kisha furaha ikaanza kuingia doa. Mashariki kunawaka tena, na tulisikia kwamba kule Kinshasa mtu akiongea Kiswahili kwenye simu sokoni anaweza kutazamwa vibaya, au kutukanwa, au zaidi. Labda ni maneno ya watu. Binti yangu ana Lingala safi, lakini anapenda Kiswahili cha babu yake, ndicho anachochekea nacho, ndicho anacholilia nacho. Nilijiuliza siku nyingi atakapoulizwa kule atajibu nini, na mimi sitakuwepo.

Papa, tunayeishi naye, hakujiuliza. Asubuhi moja nilitoka chumbani nikamkuta amefunga kamba ya nguo mlangoni mwa sebule. Nguo mbichi zilikuwa zimerundikwa kwenye kiti. Mzee wa kofia na fimbo, amesimama nyuma ya kamba.

"Kuya hapa," akamwambia mjukuu wake. "Ozali moto ya wapi?"

Binti yangu akashika kiuno. "Koko, mi sitaki."

"Hautaki nini?"

"Sitaki kujificha. Batu ba Kinshasa banijue vile niko."

"Kujificha?" Papa alipandisha sauti, na papa hapandishi sauti. "Mi nilificha mama yako! Ndiyo maana weye uko hapa unanisimamia na kiuno!"

Nikaingilia kati, na aibu yangu ni kwamba niliingia upande wa papa. Nilimbembeleza mtoto. Nilimwambia ni maneno tu, mama, maneno hayana damu, sema Lingala ufike, usome, urudi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, jambo lililonitisha kuliko kama angenijibu ovyo. Kisha akasema, "Mama, nikibadilika kila kamba mpaka Kinshasa, mwenye atafika kule atakuwa nani?" Akainama, akapita chini ya kamba, akaenda zake kuchota maji. Papa akabaki amesimama pale na kamba yake.

Mchezo tuliuonyesha katika ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka madirishani, maana mji huu unapenda kuona watu wake wakijifanya wengine. Papa aliketi mstari wa mbele. Walipoona miti ndani ya benki walipiga kelele za furaha. Ikafika sehemu ya kamba. Kijana akauliza kwa Lingala. Binti yangu akanyamaza. Kijana akauliza kwa Kiswahili. Akanyamaza. Hatukupanga hivyo. Katika karatasi alikuwa na maneno yake, nami nyuma ya pazia nilianza kumnong'oneza, "Sema! Sema!" Hakusema. Alisimama anamtazama mlinzi, na kijana wa watu, jasho likimtoka, hakujua la kufanya.

Ndipo mama mmoja mnene akasimama katikati ya benchi. "Munamushikia nini? Iko mutoto ya hapa! Acha apite!" Mwingine akapokea kwa Lingala, "Tika aleka!" Ukumbi mzima ukashika, huku Kiswahili, huku Lingala, acha apite, tika aleka, mpaka kijana akaiangusha kamba mwenyewe na kukimbia kutoka jukwaani akicheka. Nililia. Nilifikiri, ah, kumbe hiki ndicho ambacho vitabu vile havina: mashujaa wao hujitafuta peke yao, na mwisho wa dunia ukija kwetu kutakuwa na mama mnene wa kupiga kelele. Nilitembea na wazo hilo siku kadhaa, limenikaa vizuri kichwani.

Lakini bandari si ukumbi wa parokia. Siku ya safari tulimsindikiza, papa na mimi. Boti ya mbao ilikuwa imejaa mchele, mbuzi, viti vya plastiki, watu juu ya magunia. Kabla ya daraja la kupandia palikuwa na kamba, kamba ya nailoni ya bluu, na kijana wa ukaguzi ameketi kwenye kiti, fulana ya kazi, jicho la uchovu. Watu walikuwa wanapita mmoja mmoja. Mbele yetu baba mmoja alisimamishwa muda mrefu, akatolewa pembeni na mizigo yake. Sikujua kwa nini, na sikuthubutu kuuliza.

Zamu yetu ikafika. Kijana akamtazama binti yangu kuanzia viatu.

"Ozali moto ya wapi?"

Nilimwona mtoto wangu akivuta pumzi. Na mimi, mwalimu, mimi niliyepiga makofi nikidai huyu mama awe na sauti yake, niliomba Mungu kwa moyo wote aseme Lingala. Niliomba kwa woga, sina neno jingine. Mdomo wake ulianza kufunguka, na mpaka leo sijui ungetoa nini.

Fimbo ikagonga ubao. Papa alikuwa amesogea mbele yetu.

"Ni mujukuu yangu," akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili chake kizito cha Maniema ambacho alikizika mbele ya kila mwenye kamba wa Lingala nilipokuwa mtoto. "Sisi batu ba Kisangani. Mi niko papa ya mama yake. Alizaliwa hapa."

Nilimshika mkono, ulikuwa umelowa. Kijana wa ukaguzi akamtazama mzee, akatazama kofia, akatazama fimbo.

"Bon, papa," akasema, kwa Kiswahili, "apite. Lakini ile muzigo ni muzito, mutu amusaidie." Akainua kamba.

Binti yangu hakupita mara moja. Alimkumbatia babu yake mpaka kofia ikaanguka, wakaokota pamoja, wote wawili wakilia bila kujificha. Kisha akapanda, akakaa juu ya gunia la mchele, akatupungia kwa mikono yote miwili mpaka boti ilipoingia katikati ya mto.

Tulirudi kwa toleka, baiskeli mbili za kubeba abiria, papa mbele na mimi nyuma. Nilikuwa na maswali tele. Tulipofika uani nikauliza moja tu.

"Papa, na kama angekuwa mutu mubaya?"

Alifikiri. Alifikiri waziwazi, usoni, jambo ambalo alitukataza sisi.

"Nilichoka," akasema.

Akaingia ndani, akafungua kamba iliyokuwa bado mlangoni mwa sebule tangu siku ile ya ugomvi, fundo moja, fundo la pili. Akaitoa nje, akaifunga mahali pake, kati ya nguzo mbili, akaivuta kwa mkono kuona kama imekaza.

"Leta manguo," akaniambia. "Jua ingali iko."