Fundi anayezuia magari langoni San Eloy

Saa moja asubuhi, uwanja wa mbio za magari wa San Eloy, mkoani Santa Fe, Argentina. Nyasi zimeganda kwa baridi ya Julai. Delfor Bruera amelala chali juu ya kipande cha turubai, nusu ya mwili wake iko chini ya Renault 12 ya rangi ya machungwa. Kinachoonekana ni buti mbili na mwanga wa tochi unaohamahama.

"Delfor, toka huko bwana! Gari langu si mgonjwa," anafoka mwenye gari, Cacho Rinaudo, muoka mikate wa mjini. "Tumelipia kukimbia, hatujalipia kuchunguzwa."

"Kweli si mgonjwa. Ni maiti," inajibu sauti kutoka chini. "Bomba la breki limeliwa na kutu. Rudi nyumbani."

Walioko kwenye foleni wanaangua kicheko. Rinaudo hacheki. Anapiga teke gurudumu, anamtukana Bruera kwa kumwita "polisi", kisha anapaza sauti ili wote wasikie: "Na siku ya Vottero, tochi yako ilikuwa wapi?"

Kicheko kinakatika. Buti hazitikisiki.

"Nilikuwa nayo mkononi," anasema Bruera hatimaye. "Rudi nyumbani, Cacho."

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, klabu ya San Eloy hufungua uwanja kwa yeyote mwenye gari. Hakuna kombe wala mshindi. Kuna vigari vya kwendea kazini, na kuna vilivyobadilishwa injini, ekzosi na viti kwa miaka mingi uani kwa mtu. Dereva hutia saini karatasi ya kukubali hatari, akapewa dakika kumi na tano za kukimbia.

Leo yamekuja magari arobaini na moja. Kufikia saa tatu, Bruera, mwenye miaka 56, ameshayarudisha sita. Kazi hii halipwi. Hata karakana yake ya kuchomelea vyuma imepoteza karibu nusu ya wateja, na siku za juma anaishi kwa kuziba nyufa za trela za kubebea soya.

"Nani atampa kazi mtu aliyemfedhehesha mbele ya shemeji zake?" anauliza, bila kulalamika.

Raúl Vottero alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa mzaha mwingi, na miaka miwili iliyopita alinunua Fiat 147 nyeupe. Aling'oa viti vya nyuma, akafunga kabureta mbili, akamwomba Bruera amjengee kizimba, yaani yale mabomba ya chuma ndani ya gari yanayomlinda dereva likipinduka.

Jumamosi, siku moja kabla ya uwanja kufunguliwa, waya wa kuchomelea ulimwishia Bruera. Maduka yalikuwa yamefungwa. Miguu miwili ya nyuma ya kizimba ilikuwa imeshikizwa kwa nukta chache tu za kuchomelea, bila kuungwa kote.

"Raúl akaniuliza, 'Inatosha?' Nikamwambia, 'Kwa kesho inatosha, Jumatatu nitamalizia.' Hakunilazimisha. Maneno hayo yametoka kinywani mwangu."

Kesho yake, kwenye kona iliyo karibu na maghala ya nafaka, Fiat ilitoka barabarani, ikashika nyasi, ikapinduka mara tatu. Miguu ya nyuma iling'oka na bomba la juu likashuka. Bruera alikimbia kuvuka uwanja, akawa wa kwanza kufika.

"Niliona vyuma vyangu kabla sijamwona yeye," anasema.

Jioni ile ile alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akaeleza kila kitu. Baada ya miezi kumi faili lilifungwa, kwa kuwa marehemu alikuwa ametia saini ile karatasi. "Nilitaka waniadhibu. Wakanirudishia kitambulisho changu, wakaniambia niende zangu nyumbani."

Uwanja ulipofunguliwa mara iliyofuata, alifika langoni na tochi na nyundo ndogo. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Mwezi Mei mwaka huu, trela moja ililetwa langoni. Juu yake ilikuwa Fiat 147 nyeupe, ile ile. Aliyeileta ni Yanina Vottero, binti wa pekee wa Raúl, mwenye miaka 24, mfanyakazi wa kiwanda cha jibini. Alikuwa ameifufua kwa mwaka mzima, akisaidiwa na binamu zake wawili. Tangu utotoni alimwita Bruera "mjomba". Baada ya maziko hakumsemesha tena.

"Angalia gari, Bruera. Nina haraka," alisema siku hiyo.

Injini ilikuwa safi, breki pia. Kizimba kilikuwa kipya, kimetengenezwa mji mwingine. Bruera aligonga mguu wa nyuma kwa nyundo yake, akainama kusikiliza, akagonga tena.

"Hupiti."

"Umesema nini?"

"Mguu huu haujashika. Chuma hakijayeyuka, kimepakwa juu juu tu."

"Wewe?" Yanina alitazama huku na huku, kama anayetafuta shahidi. "Wewe ndiye wa kuniambia mimi mguu haujashika? Umemzika baba yangu kwa mkono wako, halafu leo unanimulika tochi?"

"Ndiyo. Mimi."

"Basi chomelea! Mashine si ile pale bandani? Nusu saa inatosha."

Bruera anakumbuka jibu lake: "Nikamwambia, hapa sichomelei kitu. Nipige ukitaka."

Yanina hakumpiga. Alitema mate karibu na buti zake, akapandisha gari kwenye trela akaondoka. Magari mengine manane yaliondoka naye kwa hasira. Klabu ilimwonya Bruera kwamba likitokea jambo kama hilo tena, asirudi.

Wiki tatu baadaye trela ilisimama mbele ya karakana yake.

"Nilipiga nyundo mara moja tu," Yanina alisema. "Mguu ukatoka mzima."

Alitoa sharti moja: atasimama pale kila waya unapowaka, na asisikie habari za zamani. Bruera alikata kizimba chote, akaanza upya. Kazi ilichukua siku nne. Siku ya nne, Yanina mwenyewe alivunja sharti lake.

"Baba alisema nini mwisho? Watu walituambia alitaja jina langu."

Bruera alizima mashine. "Hakusema kitu, mwanangu. Nilipofika alikuwa ameshakufa."

Binti akamsukumia kinyago chake cha kuchomelea. "Endelea," akasema.

Leo, saa nne na nusu, ni zamu ya Fiat nyeupe. Bruera ameikagua kama alivyoyakagua mengine, amesema "pita", na sasa hayupo langoni. Yuko nyuma ya banda la jiko, ambako akina mama wanakaanga maandazi. Ameupa uwanja mgongo. Mmoja anampa kikombe cha yerba mate, chai chungu ya kwao; anakishika bila kunywa.

Sauti ya injini inapokaribia kona ya maghala, inashuka. Anafumba macho. Inapanda tena. Anahesabu mizunguko kwa vidole: moja, mbili, hadi tisa. Kisha kimya, na mlango wa gari unafungwa.

Yanina anampita bila kumwamkia. "Sijamsamehe," ananiambia, huku akivua helmeti. "Andika hivyo hivyo. Lakini nimekaa ndani ya kazi yake, na sikuogopa."

Bruera ameiandikia klabu ombi: kuanzia Septemba, kila gari lenye kizimba likaguliwe Alhamisi, siku tatu kabla ya uwanja kufunguliwa, ili asiwepo mtu wa kusema hakuna muda. Klabu bado haijajibu. Anasema ataandika tena.

Namuuliza kama anatumaini kwamba binti wa rafiki yake atamwita mjomba tena siku moja. Anatikisa kichwa.

"Sitaki anisamehe," anasema. "Nataka azeeke. Awe bibi mwenye wajukuu wake, meno yamemwisha, na bado ananichukia."