Nilivyoteka Jiko la Mama Mkwe

Nilifika Kabati siku ya tatu, nikinuka ng'ombe. Kutoka Moyale, nilikokuwa nikiwapikia wajenzi wa barabara, nilipata nafasi juu ya lori la mifugo hadi Isiolo. Kutoka Isiolo hadi Thika nililala kwenye basi nisijue tumepita wapi. Thika nikashika barabara ya Garissa, nikashuka Kanyonyoo, nikasimama juani mpaka mwenye gari la magunia ya mbaazi akanihurumia. Kila aliyeniuliza naenda kufanya nini nilimjibu naenda kupika. Walicheka.

Mke wangu alikuwa amenipigia simu kutoka kwa mama yake, huko Kabati. Mimba ilikuwa ya miezi sita. "Wamepima sukari, iko juu," alisema, kisha akanyamaza. Nilijua ananyamazia nini. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mkubwa kupita kiasi, akakwama, na jioni haikumkuta. Mimba ile hakuna aliyekuwa amepima sukari. Mimi nilikuwa mbali, nikikoroga sufuria za watu wengine. Tangu nimalize kidato cha nne miguu yangu haijatulia: nimepika Malaba, nimepika Voi, na kila nilipofika nilitamani nilikotoka. Safari hii nilifunga visu vyangu kwenye taulo, nikaondoka kabla msimamizi hajanijibu.

Nesi wa kliniki hakuzungusha maneno. Alichora sahani kwenye karatasi, akaigawa: nusu mboga, robo nyama au mayai, robo iliyobaki ugali, wali au nafaka nyingine. Uji wa sukari, hapana. Chai ya sukari, hapana. Akatuazima kimashine cha kupimia kwa kudunga kidole.

"Nawapa wiki mbili za chakula," alisema. "Isiposhuka, tunaanza sindano."

Sikuwa na ugomvi na sindano. Ingehitajika, ningemshika mkono akichomwa. Ugomvi wangu ulikuwa na huruma ya watu. Kila aliyesikia alitikisa kichwa: maskini, atakula majani ya kuchemsha mpaka ajifungue. Nikaapa kwamba mke wangu hatakula adhabu.

Asubuhi iliyofuata niliingia jikoni, nyumba ndogo ya mabati nyuma ya boma, nikawasha moto. Mama mkwe alitokea mlangoni na mtungi wa maji, akaniona nimechuchumaa kwenye mafiga yake, akageuka kama aliyemwagiwa makaa. Mke wangu alikuja mbio.

"Toka huko! Hujui nthoni?"

Sikuijua. Mimi ni mtu wa milimani, nililelewa kwa irio, viazi vya kupondwa na mahindi, katika nyumba ambamo kila mtu alimpita mwenzake jikoni. Akanieleza: kwa Wakamba wa zamani, mkwe na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawasemeshani ovyo. Wengi wameiacha. Mama yake hakuiacha, ingawa yeye ni wa kwanza kufika kanisani kila Jumapili.

"Yaani nikiwa humu ndani, yeye haingii?"

"Hawezi."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Siku hiyo nilikuwa Mkamba kuliko Wakamba wote.

Kwa sababu nilikwisha kuona sufuria ya uji imefunikwa pembeni, na kopo la sukari kando yake. Mama huyu alikuwa amelea watoto sita kwa uji. Kwake, mja mzito asiyekunywa uji alikuwa ameachwa afe.

Basi nikapika kama niliyekodiwa na shetani. Kunde mbichi nilizikaanga na kitunguu nilichokiacha kiungue kidogo pembeni, nikamalizia na ndimu. Mbuzi nilimchemsha na tangawizi mpaka nyama ikaachia mfupa. Mke wangu alipolilia chapati, nilimwaga mayai membamba kwenye kikaango, nikaviringishia matumbo yenye dhania na pilipili, akala mbili akalamba vidole. Alipolilia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na mbaazi, nilimpikia mbaazi kikombe kimoja cha kupima, majani ya maboga tele, na punje za mahindi za kuhesabu.

Sauti ikaja kutoka nje ya mabati.

"Mwambie mgeni wako, muthokoi bila mahindi ni kanisa bila mchungaji!"

Mke wangu, aliyekaa mlangoni katikati yetu, akanigeukia. "Mama anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mama, sadaka itatolewa tu."

"Mwambie mimi sicheki."

Lakini mabati yalitikisika kidogo, na si kwa upepo.

Wiki ya kwanza sukari ya asubuhi ilishuka vizuri. Baada ya chakula cha mchana, sawa. Jioni kabla ya kula, juu. Siku tatu mfululizo, juu. Nilipunguza mbaazi. Nikaondoa mahindi kabisa. Juu. Nilianza kujilaumu mimi na kikaango changu.

Siku ya nne nilitoka kuchuma ndimu saa kumi, nikazunguka nyuma ya nyumba kubwa. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye dirisha la chumba chetu, amemnyooshea binti yake kikombe kikubwa cha bati kilichojaa uji. Jiko nililoteka lilikuwa moja; majirani walikuwa na mafiga yao.

Tuliangaliana. Nilitegemea ageuke. Hakugeuka.

"Unamnyima mtoto wangu chakula, wewe mtoto wa watu," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha.

"Mama, namlisha mara tano kwa siku."

"Majani!"

"Yule wa kwanza alilishwa uji."

Nilijutia maneno hayo yakiwa bado mdomoni. Yeye akaweka kikombe kwenye kizingiti cha dirisha.

"Yule wa kwanza nilimwosha mimi," alisema. "Wewe ulikuwa wapi? Alikuwa mzito. Mikono yangu bado inajua uzito wake."

Mke wangu alikuwa analia ndani, na kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Mwishowe nilifanya kitu pekee nilichokijua. Nilileta kimashine, tukasubiri mpaka muda alioandika nesi ukapita, sisi wawili tumesimama nje ya dirisha moja. Mke wangu akadunga kidole. Nikamwonyesha mama namba ile, kisha ya mchana, kisha ya asubuhi. Alisoma zote tatu kwa kidole, kama anavyosoma Biblia.

Akachukua kikombe, akawamwagia kuku.

"Pika," alisema. "Lakini chumvi yako ni ya mtu bahili."

Wiki mbili zilipoisha, nesi alipitia namba zetu, akasema tuendelee hivyo hivyo, na sindano haikuhitajika. Miezi mitatu baadaye binti yetu alizaliwa wa kiasi, akalia kabla hajafutwa. Mama mkwe alimpokea kwanza. Alimpimapima mikononi kwa muda mrefu, akasema tu, "Mwepesi," na akakaa chini.

Tuliondoka mtoto alipotimiza miezi miwili, baada ya kipimo cha mwisho cha mke wangu kutoka sawa. Nilikuwa nimekodi kibanda cha chakula Mbumbuni, na nilijua kwamba Kabati sitarudi kuishi tena. Mizigo ilikuwa tayari kwenye pikipiki. Nthoni ilikuwa imerudi mahali pake. Mama mkwe hakutoka kutuaga, alikuwa jikoni kwake.

"Mwambie mgeni wako," sauti ilitoka nyuma ya mabati, "jiko langu amelinukisha pilipili mpaka kwenye paa."

"Mwambie mama, ndiyo, na siombi msamaha."

"Mwambie amesahau kikaango."

"Mwambie sijasahau."

Kisha tukasikia mayai yakipasuliwa, moja, mawili, matatu, na mafuta yakiitikia kwenye kikaango changu. Nikamwambia mwenye pikipiki awashe.